Kiharusi kwa mtoto: cha kufanya kuanzia dakika ya kwanza hadi kliniki ya kila mwezi

Swali la kwanza huwa lilelile: “Kiharusi si ugonjwa wa wazee wenye presha?” Anayeuliza ni mama aliyekaa kwenye benchi la kliniki, amempakata mtoto wa miaka 5, na mkono wa kulia wa mtoto unaning’inia tu. La pili hufuata kabla sijajibu la kwanza: “Sasa ningejuaje?”

Mimi ni tabibu katika kliniki ya watoto wenye selimundu, Kanda ya Ziwa. Nimeyajibu maswali haya mara nyingi kwa mdomo, leo nayajibu kwa maandishi ili uyasome kabla hujayahitaji. Hatua ya 1 hadi ya 4 ni za mzazi au yeyote anayekaa na mtoto. Ya 5 ni ya mwenzangu wa zahanati au kituo cha afya. Kuanzia ya 6 someni wote, kwa sababu mzazi anayeelewa kinachofanyika hospitalini huuliza maswali yanayoharakisha kazi.

Nadharia ni fupi. Kiharusi ni sehemu ya ubongo kukosa damu, ama mshipa umeziba ama umepasuka. Kwa mtoto wa kwetu, sababu ya kufikiria kwanza ni selimundu, ile wengi wanayoiita sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi unaozifanya chembe nyekundu zijikunje kama mundu. Tanzania huzaliwa takriban watoto 11,000 wa selimundu kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ina sehemu kubwa ya hao. Bila kinga, karibu mtoto 1 kati ya 10 wa selimundu ya SS (aliyerithi selimundu kwa baba na kwa mama) hupata kiharusi kabla hajatimiza miaka 20, na kipindi kibaya zaidi ni kati ya miaka 2 na 9. Wengine hupata kwa ugonjwa wa moyo, homa ya uti wa mgongo, TB ya ubongo, VVU, tetekuwanga ya miezi ya karibuni, kuharisha hadi maji kuisha mwilini, au kuanguka na kijiti au penseli mdomoni ikaumiza mshipa wa shingo. Hiyo ya penseli wazazi huwa hawaiamini, lakini ipo.

Andaa haya mapema

Kama mtoto wako ana selimundu au tatizo la moyo, usisubiri siku ya tukio. Weka mahali pamoja, hata kwenye mfuko wa rambo nyuma ya mlango:

- Daftari au kadi ya kliniki, yenye kundi la damu, kiwango chake cha damu cha kawaida na dawa anazotumia.
- Uzito wa mtoto wa karibuni. Dawa nyingi za watoto hupigwa hesabu kwa kilo.
- Namba 2 za simu za wenye bajaji au gari wanaopokea usiku. Moja haitoshi, mwenyewe anaweza kuwa amezima simu.
- Jina la hospitali ya karibu yenye benki ya damu, na ya karibu yenye mashine ya CT, inayopiga picha ya ndani ya kichwa. Mara nyingi si hospitali moja. Uliza siku ya kliniki, usiulize saa 7 usiku.
- Majina ya ndugu 2 au 3 wenye afya wanaoweza kwenda kuchangia damu.
- Akiba kidogo ya nauli isiyoguswa.

Zahanati iwe na kipima sukari chenye vijiti ambavyo havijapita muda, kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kipimo cha haraka cha malaria, diazepamu, deksitrosi, na simu yenye salio. Hilo la salio silisemi kwa mzaha.

Hatua

1. Angalia saa, uiandike.

Usiandike saa uliyogundua. Andika saa ya mwisho mtoto alipoonekana mzima. Kama aliamka akiwa amelegea, basi saa ya mwisho ni ile aliyokwenda kulala akiwa anatembea vizuri, hata kama ni saa 10 zilizopita. Maamuzi mengi ya hospitalini yanaegemea hapo.

Hapa kuna kosa letu wenyewe tunaozungumza Kiswahili. Mama anasema “saa 2 asubuhi”, anayejaza fomu ya rufaa anaandika 2:00, na daktari wa hospitali ya rufaa anasoma saa 8 usiku. Saa 6 zimeongezeka kwa kalamu tu. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo, nikapigiwa simu na mwenzangu akiniuliza kwa nini mtoto amekaa nyumbani usiku kucha. Andika “saa 2 asubuhi” kwa maneno yote, na ukifika rudia kwa mdomo: “Ilikuwa baada ya kunywa chai, kaka yake alipokwenda shule.” Tukio linakumbukwa vizuri kuliko namba.

2. Mpime kwa macho na kwa maagizo madogo.

Usimwambie “tabasamu”. Mtoto anayeogopa hatabasamu. Mwambie akuonyeshe meno kama anapiga mswaki, au ajaze hewa mashavuni. Upande mmoja wa mdomo ukibaki chini, au hewa ikitoka upande mmoja, ni dalili.

Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama anapokea sinia, afumbe macho, nawe uhesabu hadi 10. Mkono unaoshuka au kugeuka ndio dhaifu. Kwa mtoto mdogo asiyefuata maagizo, mpe biskuti upande wa kulia, kisha nyingine upande wa kushoto. Angalia kama anavusha mkono mmoja kifuani kuchukua biskuti iliyo upande wa pili.

Mtembeze akufuate akiwa na ndala. Ndala inayomvuka mguu mmoja bila yeye kujua imeshatuambia mambo mengi kliniki. Mama mmoja aliniambia alimgombeza mwanawe siku 2 kwa “kupoteza kiatu” na kumwaga chai. Kikombe kilikuwa kinadondoka mkono ule ule wa upande wa ndala ile ile. Siku ya 3 mdomo ulipokwenda upande ndipo akaja.

Mwambie ataje majina ya ndugu zake au aimbe wimbo wa shule. Maneno yakivurugika, akiwa kimya ghafla, au akiwa haelewi unachomwambia, ni dalili pia. Zipo nyingine ambazo kwa watoto ni za kawaida kuliko kwa wazee: degedege ya upande mmoja, kichwa kuuma vibaya kwa ghafla, kutapika, kushindwa kuona upande, kuyumba.

Sasa lile linalotuchanganya zaidi. Mtoto wa selimundu amezoea kuumwa mikono na miguu, kwa hiyo akiacha kutumia mguu nyumba nzima inasema “ni maumivu yake yale”. Tofautisha hivi. Kwenye maumivu, mtoto analinda kiungo: ukigusa analia, ukikisogeza anakirudisha kwa nguvu. Kwenye kiharusi, kiungo hakiumi. Ukiinua mkono na kuuachia, unaanguka, na yeye anautazama kama si wake. Kiungo kisichouma lakini hakifanyi kazi kitakupeleka hospitali leo, si kesho.

Mtoto mchanga ni habari nyingine. Kiharusi chake hujitokeza kama degedege siku za kwanza za maisha, au hakijulikani hadi miezi ya baadaye mama anapoona anashika kila kitu kwa mkono mmoja. Mtoto chini ya mwaka 1 hapaswi kuwa na mkono anaoupendelea. Akiwa nao, usifurahie kwamba ni “wa mashoto”, mpeleke.

3. Mlaze salama, na usimpe chochote mdomoni.

Mlaze ubavu, hasa akiwa na usingizi mzito au anatapika. Legeza nguo shingoni. Akiwa na degedege, ondoa vitu vya kumuumiza, usimbane, usimtie kijiko mdomoni.

Hakuna uji, maji wala dawa ya kumeza. Koo linaweza kuwa limelegea upande mmoja pamoja na mkono, na kijiko cha uji kikaingia kwenye mapafu. Paracetamol ya maji nayo inahesabika kuwa kitu mdomoni.

Onyo: usimpe aspirini. Jirani atakwambia baba yake alipewa aspirini kwa kiharusi akapona. Huwezi kujua ukiwa nyumbani kama mshipa umeziba au umepasuka, na kwa aliyepasuka mshipa aspirini inaongeza kuvuja.

Onyo jingine, nalisema kwa heshima ya wazee: kumfukiza moshi wa kinyesi cha tembo, kumchanja chale au kumchua kwa mafuta kunakula saa ambazo ubongo hauna. Kama bibi anataka kuomba dua, aombe mkiwa ndani ya bajaji.

4. Ondokeni.

Ukijua hospitali yenye damu na CT, na barabara inapitika, nendeni huko moja kwa moja. Kama iko mbali sana, au mtoto ana degedege isiyokoma, anapumua kwa shida au haamki, pitieni kituo cha karibu kwanza. Mmoja akae na mtoto nyuma, mwingine apige simu mbele: “Naleta mtoto wa selimundu, miaka 6, kilo 17, upande wa kushoto umelegea tangu saa 2 asubuhi.” Sentensi hiyo ifundishwe hadi kwa kaka mkubwa.

5. Zahanati: dakika 15, kisha rufaa.

Njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, kwa mpangilio huo. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 94, mpe.

Baada ya hapo pima sukari kabla ya jambo jingine lolote. Sukari iliyoshuka inaweza kumlegeza mtoto upande mmoja na kuiga kiharusi sawasawa. Ikiwa chini ya milimoli 3 kwa lita, mpe kwenye mshipa deksitrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo. Kama una ya asilimia 50 tu, changanya mililita 10 zake na mililita 40 za maji ya sindano, umepata ya asilimia 10. Pima tena baada ya nusu saa.

Degedege ikizidi dakika 5, mpe diazepamu ya njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kilo, huku ukiangalia anavyopumua. Akiwa na homa, mshushe kwa paracetamol ya njia ya haja kubwa, na kama ana selimundu au shingo imekakamaa, anza antibiotiki ya seftriaksoni usisubiri majibu ya maabara. Pima malaria. Lakini kipimo kikionyesha malaria usifunge faili: mtoto anaweza kuwa na malaria na kiharusi kwa pamoja, na malaria kali yenyewe inaweza kumharibia mishipa ya ubongo.

Dripu iwe ya saline au ringa, kwa kiasi cha kawaida cha uzito wake. Usimzidishie maji, na usimpe deksitrosi ya asilimia 5 peke yake, inavimbisha ubongo. Presha ikiwa juu kidogo usikimbilie kuishusha. Ubongo uliozibiwa njia unaitegemea presha hiyo.

Makosa ninayoyaona kwenye fomu za rufaa ni matatu: hakuna saa ya mwisho kuonekana mzima, hakuna uzito, na hakuna orodha ya alichopewa. Piga simu kabla gari halijaondoka.

6. Hospitalini: vipimo visivyosubiri, na vinavyosubiri.

Mtoto atachukuliwa damu: wingi wake, kundi na kupatanisha na damu ya benki, sukari, chumvi za mwili, figo, kuganda kwa damu, na kipimo cha selimundu kama hajawahi kupimwa. Wapo watoto ambao kiharusi ndicho kilichotufanya tujue wana selimundu, wakiwa na miaka 4 au 5.

CT ya kichwa bila dawa ya kuchomwa hujibu swali moja kubwa: kuna damu iliyovuja au hakuna? Damu ikionekana, anaitwa daktari wa upasuaji wa ubongo. Isipoonekana, haina maana mtoto hana kiharusi. Mshipa uliozibwa saa chache zilizopita mara nyingi bado hauonekani kwenye CT. MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, huona mapema na vizuri zaidi, ila mashine ni chache na mtoto lazima atulie kwa muda mrefu, wadogo hulazimika kulazwa kwa dawa ya usingizi. Picha ikichelewa, matibabu ya mtoto wa selimundu hayaingojei.

Vipimo vya moyo, VVU, na maji ya uti wa mgongo hufuata kulingana na historia.

7. Matibabu hutegemea sababu.

Mtoto wa selimundu anahitaji damu, na mapema: lengo ni aanze kuongezewa ndani ya saa 2 tangu afike na dalili. Chembe zake zenye umbo la mundu ndizo zinazoziba na kuharibu mishipa, kwa hiyo tunataka zipungue hadi chini ya asilimia 30 ya chembe nyekundu zote. Njia bora ni kubadilisha damu, yaani kutoa yake kidogo kidogo na kuingiza ya mchangiaji, kwa mashine au kwa mkono. Pasipo uwezo huo, na kama damu yake ni ndogo, tunaanza na kuongeza tu: chembe nyekundu mililita 10 kwa kilo, kwa mtoto wa kilo 17 ni mililita 170.

Hapa kuna mtego kwa watabibu wapya. Ukimwongezea mtoto wa selimundu hadi damu ikafika gramu 12 au 13 kwa desilita wakati chembe zake za mundu bado ni nyingi, damu inakuwa nzito kama uji wa ulezi na unaweza kumwongezea kiharusi. Usivuke 10 au 11 hadi chembe za mundu zimepungua. Mzazi, ukiambiwa “damu imetosha kwa sasa” na mtoto bado amelegea, usidhani amenyimwa.

Na ndugu wakiitwa kuchangia, waende mara moja. Damu yao huenda isiwe ndiyo atakayopewa yeye. Inapimwa na kuingia benki, naye anapewa inayopatana naye. Nimeshuhudia familia ikigomea hapo mlangoni, “kwa nini damu yangu apewe mwingine?”, huku chupa ya mtoto wao ikitoka kwa mtu wasiyemjua aliyechangia wiki iliyopita.

Asiye na selimundu, ambaye picha imeonyesha hakuna damu iliyovuja, daktari anaweza kumwanzishia aspirini, kwa kawaida miligramu 3 hadi 5 kwa kilo kwa siku. Mwenye damu iliyoganda kwenye moyo au kwenye mishipa mikubwa ya vena ya kichwani hupewa dawa ya kuzuia kuganda. Mwenye uti wa mgongo au TB anatibiwa hiyo. Zile dawa za kuyeyusha damu iliyoganda ambazo watu wazima hupewa ndani ya saa 4 na nusu si za kawaida kwa watoto.

8. Siku 2 za kwanza wodini.

Kabla ya kijiko cha kwanza, muuguzi amkalishe wima na kumjaribu kwa kijiko kidogo cha maji. Akikohoa, au sauti ikawa ya majimaji, anapewa chakula kwa mpira wa puani hadi koo lipate nguvu. Homa ishushwe. Ageuzwe kila baada ya saa 2. Mkono uliolegea uwekwe juu ya mto, na usimvute kwa mkono huo unapomwinua: bega lisilo na misuli inayolishika hutoka mahali pake kirahisi.

Akianza kusinzia kuliko jana, kutapika tena au mboni moja ya jicho kuwa kubwa, paza sauti. Ubongo unaweza kuwa unavimba.

9. Zuia cha pili. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo.

Mzazi huona mtoto anatembea tena baada ya wiki 3 akadhani vita imekwisha. Mtoto wa selimundu aliyepata kiharusi akaachwa bila kinga, uwezekano wa kurudiwa ndani ya miaka michache ni zaidi ya nusu, na cha pili huwa hakina huruma ya cha kwanza. Njia imara zaidi ni kuongezewa damu kila wiki 3 hadi 5, kwa miaka. Ikiendelea hivyo, madini ya chuma hujaa mwilini na lazima yapimwe na kutolewa kwa dawa. Pale ambapo damu ya uhakika kila mwezi haipo, ambapo ndipo wengi wetu tulipo, dawa ya kumeza iitwayo haidroksiyurea ndiyo mbadala, kwa kawaida miligramu 20 kwa kilo kila siku. Mtoto wa kilo 25 ni kidonge 1 cha miligramu 500. Kwa mdogo zaidi, usikate wala kufungua kidonge kwa makisio, mfamasia akuelekeze. Picha kamili ya damu ipimwe kila mwezi mwanzoni, baadaye kila miezi 2 au 3.

Wazazi huiogopa dawa hii kwa sababu hutumika pia kwenye saratani. Imejaribiwa kwa watoto wa huku huku kwetu Afrika: utafiti uliofanyika Kilifi (Kenya), Mbale (Uganda), Kinshasa (Kongo) na Luanda (Angola), ukachapishwa 2019, ulionyesha watoto waliopewa walipungukiwa na maumivu, malaria, kuongezewa damu na hata vifo.

Afadhali zaidi ni kukiwahi cha kwanza. Kipo kipimo kiitwacho dopla ya kichwani, mashine ya mawimbi ya sauti inayowekwa juu kidogo ya sikio kupima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo. Hakichomi, hakiumi, ni dakika 30 hadi 40 hivi. Chini ya sentimita 170 kwa sekunde ni kawaida. Kuanzia 170 hadi 199 ni ya kuangaliwa kwa karibu. 200 na zaidi ni hatari, mtoto aanzishiwe kinga. Marekani mwaka 1998 ilithibitika kwamba kuwaongezea damu mara kwa mara watoto wenye 200 na zaidi kunapunguza kiharusi cha kwanza kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2016 ilionekana kwamba wengi wao, baada ya angalau mwaka mmoja wa damu na kama mishipa haijaharibika sana, wanaweza kuhamia kwenye haidroksiyurea. Hospitali ya Bugando, Mwanza, nako kumefanyika utafiti wa kupima watoto kwa dopla na kuwaanzishia dawa hii. Kila mtoto wa SS apimwe mara 1 kwa mwaka kuanzia miaka 2 hadi 16.

10. Mazoezi yaanze wodini, yaendelee jikoni.

Ubongo wa mtoto hujifunza upya, ila hujifunza kile unachofanyishwa. Mtoto akiwa na mkono mmoja mzima ataufanyisha ule mmoja kila kitu, na wa pili utasahaulika. Mtaalamu wa fiziotherapia akiridhia, mkono mzima unavishwa soksi kwa muda kila siku, halafu mkono dhaifu unapewa kazi: kukanda donge la unga wa chapati, kuchambua mchele, kumenya ndizi mbivu, kubandua vibanio vya nguo. Mazoezi mafupi ya kila siku ni bora kuliko ya saa 3 mara 1 kwa wiki. Kifundo cha mguu kinyooshwe asubuhi na jioni kabla hakijakakamaa.

Mambo yakikwama

“Alilegea, baada ya nusu saa akarudi sawa.” Mpeleke vilevile, siku hiyo hiyo. Hicho ni kiharusi kilichopita, na mara nyingi kikubwa kinakuwa njiani.

“Alianza na degedege, ndipo akalegea.” Udhaifu baada ya degedege upo na huondoka wenyewe. Tatizo ni kwamba kiharusi nacho huanza na degedege. Mtoto wa selimundu au wa moyo usimsubirie aamke vizuri.

“Mdomo umekwenda upande, lakini mikono na miguu iko sawa.” Mwambie akunje paji la uso na afumbe macho kwa nguvu. Kama paji la upande ule halikunjiki na jicho halifumbi, huenda ni mshipa wa fahamu wa usoni tu. Bado aonwe leo. Kama paji linakunjika vizuri, ichukulie kuwa ni ubongo.

“CT imetoka safi, wametuambia twende nyumbani.” Uliza ilipigwa saa ngapi tangu dalili zianze, na kama mtoto bado ana udhaifu. Udhaifu uliopo una nguvu kuliko picha isiyoonyesha kitu. Omba aonwe na daktari wa watoto kabla ya kuruhusiwa.

“Hospitali haina CT.” Kwa mtoto wa selimundu mwenye upande uliolegea, damu ianze pale pale wakati rufaa inapangwa. Aspirini isitolewe.

“Dawa zimeisha duka la hospitali, ningoje mwezi ujao?” Hapana. Kinga inaisha pole pole bila kukupa ishara. Piga simu kliniki vikiwa vimebaki vidonge vya wiki 2, si vya siku 2.

“Amepona, lakini mwalimu anasema amekuwa mzito.” Mwamini mwalimu. Selimundu huacha pia vidonda vidogo vya ubongo visivyolegeza mkono wala mguu, vinavyoonekana kwenye MRI tu na kwenye daftari la hesabu. Mwalimu amweke mbele, ampe muda zaidi kwenye mtihani, asimchape kwa mwandiko. Andikiwa barua na kliniki, shule nyingi huikubali.

“Mdogo wake naye ana selimundu, lakini yuko mzima kabisa.” Huyo ndiye ninayemtaka zaidi. Mlete kwa dopla siku ile ile kaka yake anapokuja. Asiwe na homa, wala asiwe ameongezewa damu karibuni, maana vyote viwili hubadilisha kasi. Ashibe kabla ya kuja na awe macho wakati wa kipimo, basi mbebee kitabu cha picha au simu yenye katuni. Akisinzia kitandani itabidi tumwamshe na kuanza upya, na foleni yetu unaijua.